Miwani ya Rubani wa Sebuleni

Nimeuliza swali jepesi tu: ninunue miwani ipi ya VR ya kurushia ndege kwenye kompyuta? Sikuuliza siri ya mirathi wala mshahara wa mtu. Lakini mpaka leo hakuna aliyenitajia jina la kifaa kabla ya kunihoji, na wote wananihoji jambo moja: "Kadi yako ya picha ni ipi?" Nikiitaja, kinapita kimya, kisha naambiwa pole. Mtu unapewa pole na nyumbani hakuna msiba.

Kwa wasionifahamu, mimi ni rubani. Leseni sina, ndege sina, na kwenye ndege za kweli naomba kiti cha dirishani halafu nafumba macho wakati wa kutua. Lakini usiku, watoto wakishalala na tamthilia ya mama watoto ikishaisha, sebule yetu ya Tabata inageuka uwanja wa ndege. Narusha Cessna 172, ndege ya injini moja iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000. Nakwenda Unguja, nakwenda Mafia, siku nikijisikia nakwenda Kilimanjaro. Majirani wananiita Kapteni. Wananidhihaki, najua, lakini naitika; mtaani kwetu wapo wanaoitwa Dokta kwa sababu ndogo zaidi ya hizo.

Shida yangu ni shingo. Ukitaka kutua na ndege ndogo, huendi tu moja kwa moja kama bajaji inayoingia sheli. Unapita kwanza sambamba na njia ya kurukia, ukiwa umeipa ubavu. Ukishaipita ncha yake, unageuka kutazama nyuma ya bega. Ukiiona imebaki nyuma yako kwa nyuzi 45 hivi, hapo ndipo unapokata kona. Sasa jaribu kutazama nyuma ya bega wakati dunia yako yote ni kioo cha inchi 24. Unabonyeza kitufe, picha inaruka kushoto, unaona bawa. Unabonyeza tena, unaona mkia. Unabonyeza kurudi mbele, unakuta ndege imeshainamia Gongo la Mboto na mwongoza ndege anakuuliza kwa Kiingereza cha upole kama uko salama.

Ndani ya miwani ya VR unageuza shingo, basi. Njia ya kurukia iko palepale ulipoiacha. Na ukikaribia ardhi, kila jicho linapewa picha yake iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake, ubongo unapiga hesabu ya umbali wenyewe, na wewe unajua sasa ndio wakati wa kuinua pua ya ndege. Kwenye kioo cha kawaida huo wakati unabahatisha, ndiyo maana Cessna yangu ikitua Unguja huwa inatua zaidi ya mara moja.

Niliyajua haya kwa rafiki yangu mmoja wa Mbezi, ambaye ana miwani ya VR iitwayo Quest 3 na kompyuta ya maana. Alinivalisha, akaniweka juu ya Moshi asubuhi na mapema. Jamani, ule mlima si wa kutazamwa kwenye kioo cha inchi 24. Nilikuwa futi 9,000 na bado niliinua uso kukitafuta kilele. Jua lilipoingia dirishani nikanyoosha mkono kushusha kizuia jua, nikamgusa mwenyeji wangu kidevuni, na kidevu hicho hakikuwemo kwenye ndege. Mpaka hapo nilikuwa nimeshaamua kuuza chochote kinachouzika.

Halafu nikataka kujua niko kwenye mwinuko gani hasa. Ndani ya altimita ya Cessna kuna kidirisha kidogo sana ambamo rubani anaweka shinikizo la hewa alilopewa na mwongoza ndege. Siku ile lilikuwa 1013. Nikatazama: tarakimu tatu za mwanzo nikazisoma, ya nne ikawa doa. Tatu au nane? Hili si jambo la kubishania, kwa sababu kila namba moja ya shinikizo inakupotosha karibu futi 30, kwa hiyo 1018 badala ya 1013 ni kama futi 150, na futi 150 ndizo zinazotofautisha kutua na kuangukia mikorosho. Nikainama. Nikazidi kuinama, mpaka nikawa nimelala juu ya usukani wa ndege isiyokuwepo, paji la uso karibu lifike kwenye dashibodi, ndipo 3 ikajitenga na 8. Rafiki yangu akasema hiyo ni kawaida, marubani wote wa VR wanainama. Mimi sijawahi kuona rubani anasujudia altimita.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba wauzaji wanatutajia namba zisizotuhusu. Wanakwambia Quest 3 ina pikseli 2,064 kwa 2,208 kwa kila jicho, na wewe unashangilia, maana kioo chako cha nyumbani kina 1,920 kwa 1,080 tu. Wasichokuambia ni kwamba pikseli hizo zimetandazwa kuanzia sikio hadi sikio. Hesabu ya kweli ni pikseli ngapi zinaangukia kila nyuzi moja ya upeo wa macho yako. Jicho zima la binadamu linadai 60 hivi. Quest 3 inakupa 25. Na kile kioo changu cha mtumba nilichokinunua Kariakoo, chenye mkwaruzo kwenye kona, nikikikalia umbali wa sentimita 60 kinanipa karibu 40. Yaani mtu unaacha kifaa cha bei ya chakula, unanunua kifaa cha bei ya ada, ili usome vibaya zaidi. Unacholipia ni shingo na kina cha picha, wala si macho. Wangesema hivyo tangu mwanzo tungeelewana.

Na hapa niwaambie jambo ambalo hunichekesha peke yangu. Simuleta ya kwanza ya ndege iliyovuma duniani ilitengenezwa mwaka 1929 na Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Kijana akachukua mivukuto na pampu za vinanda, akakipandisha juu yake kisanduku chenye mabawa mafupi, ukigeuza usukani kinainama huku na huku. Mwanzoni wakakiona ni pembea ya kwenye maonyesho. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi kufa wakisafirisha barua kwenye hali mbaya ya hewa, ndipo jeshi likaja kununua. Mwanafunzi alikaa ndani, wanamfunika kifuniko, haoni nje hata kidogo: anasoma vipimo tu. Karibu miaka 100 baadaye mimi naona nje yote, Mawenzi na Kibo na kivuli cha wingu, na vipimo sivisomi. Haya ndiyo maendeleo.

Turudi kwenye pole. Wanaokuuliza kadi ya picha si kwamba wana roho mbaya. Zidisha pikseli za Quest 3 kwa macho mawili unapata zaidi ya milioni 9. Kioo changu kina milioni 2. Kompyuta inatakiwa kuzichora zote upya, ikiwezekana mara 90 kwa sekunde, yaani kila picha ina kama milisekunde 11 za kuwa tayari. Ikichelewa, dunia inakatakata kila ukigeuza kichwa. Kadi ya RTX 4090, ambayo mabingwa waliiimba sana, ilitoka mwaka 2022 kwa dola 1,599. Mimi nina RTX 3060. Ndiyo, hiyo hiyo ya kupewa pole. Kwa hiyo bei ya miwani siyo bei ya miwani. Ni kiingilio cha kukaribishwa kwenye matumizi mengine.

Na bado hujazungumzia bando. Microsoft Flight Simulator ilipotoka mwaka 2020, huko Ulaya iliuzwa pia kwenye boksi lenye diski kumi, tukacheka tukisema ni mambo ya kizamani. Toleo la 2024 halitaki diski; dunia inakujia kwa intaneti unaporuka. Ukivuka Bagamoyo, Bagamoyo inapakuliwa. Tangu hapo nimekuwa rubani anayepanga safari kwa kuangalia GB zilizobaki badala ya mafuta, na usiku nikikosa kabisa narudi kwenye simuleta nyingine, X-Plane, ambayo mandhari yake yamekaa ndani ya kompyuta na hayaniombi kitu.

Mpwa wangu yuko Dubai. Nilimwagizia aulizie, akanitumia ujumbe wa sauti kutoka dukani. "Shikamoo Anko. Zipo Quest 3, na hizi 3S. Hizi 3S ni nafuu sana Anko, dola 299, zile nyingine 499. Zote zinaonyesha ndege. Nikuletee hii ya nafuu, chenji niitume?" Nikamwambia aache, na chenji aiache vilevile. 3S imerudishiwa lenzi za zamani zenye miduara, zile zinazoona vizuri katikati na kutia ukungu ukingoni. Kwa mtu anayecheza michezo ya kukata mapepo kwa panga la mwanga haina shida, kwa sababu pepo linakuja mbele yako. Rubani vipimo vyake viko chini. Kwa lenzi hizo hushushi macho. Unashusha kichwa kizima, kisha unakipandisha, unakishusha, kwa safari nzima ya kwenda Dodoma. Lenzi bapa za Quest 3 zinaona mpaka pembeni, na kwenye ndege hiyo ndiyo tofauti ya dola 200. Mpwa akanijibu, "Sawa Anko, ila naona ungefaa kununua gari."

Nisiisifie sana. Quest 3 haina waya wa picha wa moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Kompyuta inaikandamiza picha kama video, inaipitisha kwenye USB au Wi-Fi, miwani inaifumua upande wa pili, na majani ya mikorosho kule chini yanabaki uji. Betri yake ni kama saa mbili. Dar hadi Kilimanjaro utafika, Dar hadi Muscat jiandae kuzimikiwa juu ya bahari. Habari njema ni kwamba Wi-Fi hiyo ni ya ndani ya nyumba tu, kutoka kompyuta hadi kichwani, haili bando. Nimeisema mara mbili kwa mama watoto na bado haamini.

Wapo wanaosema niachane na hayo, ninunue Pimax Crystal Light ya Wachina: pikseli 2,880 kwa 2,880 kila jicho, 35 kwa kila nyuzi, waya wa picha unaingia moja kwa moja kwenye kadi, na kile kidirisha cha altimita unakisoma ukiwa umeegemea kiti. Naamini. Lakini Quest 3 tu ina gramu 515, ambayo ni nusu kilo ya sukari iliyofungwa usoni. Crystal Light inapita gramu 800. Mtu wa umri wangu, anayelala na mto mmoja kwa amri ya daktari, atafungaje sukari hiyo usoni usiku kucha?

Upande wa pili wa mizani kuna Bigscreen Beyond ya Wamarekani. Gramu 127! Toleo la pili, la mwaka 2025, limeshuka hadi 107. Unaweza kusahau kwamba umeivaa. Ila toleo la kwanza, dola 999, ulitakiwa kupiga picha sura yako kwa iPhone, kiwandani wakakutengenezea sponji la uso wako wewe tu, na vile vifaa vya kutundika ukutani ili ijue kichwa chako kiko wapi ununue kando. Wengi wanalalamika kwamba huwezi kumwazima mtu miwani hiyo. Mimi hicho kipengele nimekisoma kwa machozi ya furaha, kwa sababu nina shemeji. Ya Apple, ya dola 3,499, sitaijadili. Kwa pesa hiyo mama watoto angenunua kiwanja, na angekuwa sahihi.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenitajia ni umbali wa mboni. Nimelisikia kwa fundi wa miwani ya macho, pale nilipokwenda kubadilisha lenzi zangu za kusomea. Aliniwekea rula puani, akaniambia nitazame sikio lake la kulia, akaandika 66. Hizo ni milimita kati ya mboni na mboni. Wastani wa watu wazima ni 63 hivi. Quest 3 ina kigurudumu, unazungusha mpaka picha inatulia. Quest 2 na 3S zina ngazi tatu tu, 58, 63 na 68, na ukiwa katikati ya ngazi unachagua jicho lipi liumie. Basi kabla hujatuma hela popote, nenda kapimwe rula. Na kama unavaa miwani, uliza kuhusu lenzi za kuchomeka ndani zinazotengenezwa kwa namba zako, la sivyo miwani itakwaruzana na miwani, na lenzi ikichubuka ndio basi.

Halafu joto. Vifaa hivi vimebuniwa na watu wa nchi zenye baridi. Chumba cha rafiki yangu wa Mbezi kiyoyozi kimekufa tangu mwaka jana, na mwezi wa pili ndani ya ile miwani unatokwa jasho mpaka lenzi zinaota ukungu, sponji linalowa, na wewe unatua Songwe kwenye ukungu ambao mamlaka ya hali ya hewa haikuutangaza. Dawa ni feni. Iwashe ikupige usoni moja kwa moja. Inakausha, na kwa wengi wetu inapunguza kile kichefuchefu, kwa sababu macho yanasema ndege imeinama na masikio ya ndani yanasema umekaa kwenye kiti cha plastiki, ubongo unashindwa kujua nani muongo, tumbo linatoa hukumu. Upepo wa upande mmoja unakukumbusha mbele ni wapi. Anza na safari fupi, usijifanye rubani wa kivita siku ya kwanza, na tumbo likianza tu kugeuka vua. Usijikaze kiume. Zulia ni la watu.

Kuna waliojaribu kunitia kwenye mtego wa bei nzuri. Dalali mmoja alinipigia: HP Reverb G2, mpya kwenye boksi, nusu ya bei. Mwaka 2020 ilipotoka, hiyo ndiyo iliyokuwa kipenzi cha marubani wa sebuleni, pikseli 2,160 kwa 2,160, ndege zinasomeka. Ila ilitegemea mfumo wa Windows Mixed Reality, na Desemba 2023 Microsoft walitangaza kuuacha, na toleo la Windows 11 la mwaka 2024 likaufuta kabisa. Kifaa kizima, hakijaanguka, hakijaungua, kompyuta inasema haikijui. Baadaye mhandisi mmoja akaandika programu ya kukifufua, lakini kwa wenye kadi za Nvidia. Nilipomweleza dalali akasema, "Kapteni, wewe chukua, Windows watabadilisha mawazo."

Mama watoto ana swali lake, na hilo halihusu kadi. "Hicho kidude cha kuchezea ndicho cha kutuondolea pesa ya sementi?" Nikamweleza kwamba si cha kuchezea: mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliidhinisha kwa mara ya kwanza kifaa cha mafunzo kinachotumia VR, cha helikopta ya Robinson R22, kilichotengenezwa Uswisi. Akanitazama. "Helikopta yenyewe umeipaki wapi?"

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama kompyuta yako inahema hata bila miwani, usinunue miwani yoyote. Pakua OpenTrack, ni ya bure, weka kamera ndogo juu ya kioo, ikufuate kichwa. Kina hutapata, lakini bega utaliona. Kama kompyuta inajiweza na shingo ni ya ujana, pambana na Crystal Light. Sisi tuliobaki, wa kadi za kupewa pole, ni Quest 3, ushushe ubora wa picha, uruke maeneo yasiyo na majengo mengi. Tanzania, namshukuru Mungu, ina mapori ya kutosha.

Mwenye Quest 3 ya mkononi anayeiuza, lenzi zisiwe na mikwaruzo, anitafute. Nitakuja na kompyuta yangu na feni yangu, nitakaa kwenye Cessna nikiwa nimeegemea kiti, nitakisoma kidirisha cha altimita mbele yako. Nikiisoma 1013 nikiwa nimeinama kidogo tu, nalipa taslimu. Mwenye Reverb asihangaike kunipigia.